Nyigu wa Kijani wa Raskazone: Wadudu Watano Walioitwa Jina Moja

Swali lililonifikia lilikuwa fupi. Katika nyumba moja ya Raskazone, hapa Tanga, kuna nyigu wa kijani wanaong'aa ambao hupita barazani jua likishapanda, hukagua ukuta, hutua kwenye nguzo ya banda la kuku, kisha hutoweka. Je, ni wa aina moja? Na wanauma? Mwenye nyumba ni shangazi yangu, mpenzi mkubwa wa bustani, na aliyepiga picha ni mjukuu wake wa kidato cha tatu. Haraka ilikuwapo kwa sababu nyumba ina watoto wadogo wanaoshinda barazani, na jirani alikwisha kuwashauri wapulize dawa kila pembe. Dawa yenyewe ilishanunuliwa.

"Shikamoo shangazi. Usipulize kwanza," nilimwambia kwenye simu.

"Marahaba mwanangu. Basi njoo uwaone mwenyewe, maana huyu kijana anashikilia ni mmoja, na mie naona kama wawili."

Shangazi alikuwa karibu na ukweli kuliko mjukuu wake. Picha zile, na baadaye ukaguzi wa bustani yenyewe, vilionyesha wadudu watano tofauti waliokuwa wakiitwa kwa jina moja kwa sababu wote ni wa kijani na wote wanametameta. Wawili hawakuwa nyigu tuliokuwa tukiwatafuta kabisa. Watatu walikuwa nyigu kekeo wa kweli, yaani nyigu wanaotaga katika viota vya wengine, na kati ya hao watatu wawili walifanana kiasi kwamba picha zao zilipowekwa sambamba kijana aliapa ni mdudu yuleyule. Hao wawili ndio kiini cha uchambuzi huu, kwa sababu namna tulivyowatenganisha ndiyo namna ambayo mtu yeyote mwenye bustani Pwani anaweza kuitumia.

Waliotolewa mwanzo

Wa kwanza kutoka ni nzi. Picha zilizopigwa karibu na ndoo ya takataka zilikuwa za nzi wa kijani, yule anayefuata nyama na uchafu. Nzi ana mabawa mawili, nyigu ana manne. Lakini mabawa hayahesabiki kirahisi kwenye picha ya simu, kwa hiyo tazama vipapasio. Vya nzi huyu ni vifupi mno, havionekani. Vya nyigu kekeo vinaonekana wazi, vimepinda kwenye kiwiko, na havitulii: anatembea huku akigongagonga navyo mbele yake muda wote.

Wa pili alihitaji muda zaidi kwa kuwa yeye ni nyigu kweli. Alipigwa picha kwenye ukuta wa jikoni, karibu na mfereji wa maji machafu. Mwili wake ni mrefu, ana shingo inayoonekana na kiuno chembamba, na mapaja ya miguu ya kati na ya nyuma ni mekundu. Huyo ni Ampulex compressa, mwinda mende. Mapaja mekundu juu ya mwili wa kijani ni alama isiyohitaji lenzi. Jike humchoma mende mara mbili, kwanza kifuani, kisha kichwani kwa usahihi wa ajabu, mpaka mende akabaki na nguvu za kutembea lakini hana tena hamu ya kukimbia. Humkata sehemu ya vipapasio, akashika kilichobaki, akamwongoza kwa miguu yake mwenyewe hadi tunduni, na huko humtagia yai. Mwaka 1941 mtaalamu wa wadudu F. X. Williams alimpeleka Hawaii kwa matumaini kwamba atapunguza mende. Nilimwambia shangazi kwamba huyo jikoni kwake ni mgeni wa heri. Ila asishikwe kwa mkono, kwa sababu mwiba wake unafanya kazi.

Waliobaki walikuwa wa familia ya Chrysididae, ndio nyigu kekeo wenyewe.

Nyigu kekeo ni nani

Tunamjua kekeo, ndege anayetaga katika viota vya mnana na kuwaachia wenyewe kazi ya kulea. Nyigu hawa wana tabia ya jamaa hiyo, isipokuwa kwao mambo huishia pabaya zaidi kwa mwenye nyumba. Jike hutafuta kiota cha nyigu au nyuki mwingine anayeishi peke yake, hutaga humo, na kutegemea spishi, buu wake hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama humuua mwenye kiota angali yai au mchanga, kisha hula akiba ya chakula aliyowekewa. Ama husubiri mwenye kiota ale, anenepe, ajizungushie kifukofuko, ndipo amle yeye. Dunia nzima wameshaelezwa spishi zipatazo 3,000, na wengi wao ni wadogo.

Mwili wao umejengwa kwa ajili ya kuingia nyumba za wenye silaha. Gamba ni nene na gumu, limejaa vishimo. Tumbo upande wa chini limebonyea, kwa hiyo mwenye kiota akirudi na kumkuta, nyigu kekeo hujikunja, kichwa kikalala kwenye ule mbonyeo, miguu na vipapasio vikafichwa ndani, akawa kidonge kigumu kisichopata pa kuumwa. Kijana alipowahi kumgusa mmoja kwa kijiti akidhani amekufa, mdudu alikuwa amejikunja hivyo, na dakika chache baadaye akakunjuka akaruka. Mbonyeo huo ni dalili nzuri ya familia. Dalili nyingine ni tumbo linaloonekana kuwa na pingili tatu tu kwa juu, wakati nyigu wengine huonyesha zaidi. Pingili zilizobaki zimegeuka mrija mwembamba wa kutagia, unaoingia na kutoka ndani ya mwili kwa sehemu zinazopishana. Kwa mabadiliko hayo mwiba umedhoofika, na nyigu kekeo wa namna hii hawana uwezo wa kumdhuru mtu. Jibu la swali la pili la shangazi lilipatikana hapo mapema kabisa: watoto hawana cha kuogopa kwa hawa.

Swali la kwanza ndilo lilitaka kazi.

Rangi ilivyowapoteza

Kijana alikuwa amepanga picha zake kwa rangi. Kundi moja aliliita la kijani, jingine la buluu, la tatu la dhahabu. Ni kazi ya bidii na ilinipa furaha kuiona, lakini tulipoangalia kwa makini, kundi la buluu na kundi la dhahabu yalikuwa na mdudu yuleyule aliyepigwa kwenye ukuta uleule asubuhi moja, mara akiwa kivulini, mara akiwa juani. Doa la chokaa iliyobanduka lilionekana katika picha zote mbili, na bawa lake la kushoto lilikuwa limechanika ncha vilevile.

Sababu ni kwamba kung'aa huku hakutoki kwenye rangi iliyopakwa ndani ya gamba. Juu ya gamba kuna tabaka nyembamba mno, moja juu ya nyingine, na mwanga unaporudi kutoka kwenye kila tabaka, mawimbi yake hukutana, mengine yakapeana nguvu na mengine yakafutana. Kinachofika jichoni kinategemea unene wa tabaka hizo na pembe unayosimama. Sogea hatua moja, kijani kinavuta kwenye buluu. Wingu likipita, dhahabu inazimika. Ongeza kamera ya simu, ambayo hurekebisha mwanga wenyewe bila kukuuliza, na utaelewa kwa nini mdudu mmoja anaweza kujaza mafaili matatu.

Juu ya hayo, hata ndani ya spishi moja wadudu hawafanani. Mmoja wa nyigu tuliowakuta hapa ni wa spishi inayojulikana kwa kuanzia kijani cha dhahabu hadi buluu tupu. Kwa hiyo rangi tuliiweka kando. Tuliiandika daftarini, kwa kuwa si haramu kuiandika, lakini hatukuiruhusu iamue chochote.

Ukubwa nao tuliutilia shaka. Nyigu kekeo hukua kwa chakula cha chumba kimoja tu cha kiota. Akiangukia kwa mwenye kiota mnene hutoka mkubwa. Akiangukia kwa aliyekonda hutoka mdogo, na baada ya kutoka haongezeki tena hata milimita. Mkubwa wa spishi ndogo anaweza kulingana na mdogo wa spishi kubwa. Watu wengi huanza na rangi na ukubwa kwa sababu ndivyo vinavyoonekana mbali. Kwa familia hii, hivyo viwili ndivyo vya mwisho kuaminiwa.

Ukingo wa mwisho wa tumbo

Bahati ilikuwa upande wetu. Kwenye dirisha la stoo, ndani ya utando wa buibui uliojaa vumbi, alikuwepo mmoja aliyekufa, mzima, mkavu, mabawa yote yapo. Mdudu aliyekufa mwenyewe ni zawadi kwa mtu anayetaka kutambua bila kuua. Tulimtoa kwa brashi ya rangi ya maji, tukamlaza kwenye karatasi nyeupe kando ya rula, na kila mmoja akapewa zamu ya lenzi ya mkono.

Alikuwa na urefu wa milimita 16. Chini ya lenzi ule mng'ao ulivunjika ukawa vishimo vingi vya duara, kila kimoja na ukingo wake, vikubwa na vya kina kifuani na mgongoni mwa tumbo, vikigawana nafasi mpaka hapakubaki sehemu laini ya maana. Nyuma ya kifua, pale kinapokaribia kukutana na tumbo, kulikuwa na kibamba kilichochomoza kwenda nyuma, kipana, na juu yake kimebonyea. Halafu pingili ya tatu ya tumbo, ya mwisho kuonekana: kabla ya ukingo kulikuwa na mstari wa mashimo makubwa ya kina, na ukingo wenyewe ulikatika kuwa meno manne, makali, mawili ya kati na mawili ya pembeni. Pingili hiyo ya mwisho ilikuwa buluu iliyokolea kuliko sehemu nyingine za mwili.

Kibamba kile kilichobonyea, pamoja na meno manne na vishimo vizito, vilitupeleka kwa Stilbum cyanurum. Meno manne peke yake yasingetosha, kwa sababu wapo wengi wa jenasi ya Chrysis wenye meno manne. Kibamba ndicho kilichofunga mlango. Johann Reinhold Forster, yule aliyesafiri baadaye na baharia Mwingereza James Cook, alimweleza nyigu huyu mwaka 1771, na Maximilian Spinola akamwundia jenasi ya Stilbum mwaka 1806. Anapatikana kusini mwa Ulaya, Afrika, Asia hadi Australia. Kijana alikuwa ametamani awe mdudu wa pekee wa misitu ya Usambara, ambayo kwa kweli ina viumbe wengi wasiopatikana kwingine. Huyu si wao. Ni msafiri wa dunia nzima ya kale, na mji wenye kuta na udongo unamfaa vizuri.

Baada ya hapo tulimgeukia yule wa nguzo. Kwa macho ya kawaida ni Stilbum mdogo: kijani hichohicho, buluu hiyohiyo nyuma, umbo hilohilo. Huyu alikuwa hai, na sikutaka auawe. Kijana alimfunika kwa chupa safi ya jemu, akaingiza kipande cha karatasi chini yake, akamweka kwenye friji kwa muda mfupi tu. Baridi humlegeza mdudu bila kumdhuru ikiwa hukumsahau humo. Akitolewa unapata nafasi ya kupiga picha nne au tano kabla hajapata joto na kuanza kutembea. Tulipiga kwa mpangilio: juu moja kwa moja, ubavuni, usoni, na ile ambayo watu huisahau na ndiyo yenye thamani kuliko zote, kutoka nyuma kabisa, kamera ikiwa usawa wa tumbo.

Picha ya nyuma ilimaliza ubishi. Meno sita. Si manne yaliyovunjika wala kivuli cha bawa. Sita, yamepangwa, ya pembeni mafupi kuliko ya kati. Mstari wa mashimo kabla ya ukingo ulikuwepo lakini ni mwembamba. Nyuma ya kifua hapakuwa na kibamba kilichochomoza: mgongo ulishuka kwa mviringo mpaka tumboni. Vishimo vya tumbo vilikuwa vidogo na vimesongamana. Urefu ulikuwa milimita 9. Huyu ni wa jenasi ya Chrysis.

"Kumbe kweli wawili," kijana alisema, akiwa ameshika simu mbili, moja kila mkono.

"Si nilikwambia?" shangazi akajibu kutoka upande wa jiko.

Makazi yao nayo yalitoa ushahidi

Hata hivyo sikutaka tuishie kwenye meno. Mdudu ana umbo, na ana pia mahali na kazi, na kwa nyigu kekeo kazi hiyo ni ushahidi wenye nguvu kwa sababu kila mmoja ana wenyeji wake, yaani wadudu ambao hutaga viotani mwao.

Chini ya kenchi za baraza, kwenye pembe ambayo mvua ya kusi haifiki, kulikuwa na madonge ya udongo yaliyobandikwa. Shangazi anayajua tangu zamani na huyabandua kila anapopaka chokaa. Ni viota vya Sceliphron spirifex, nyigu mweusi mwenye kiuno kirefu cha njano, ambaye hufinyanga vyumba vya tope, hujaza kila chumba buibui waliopoozwa kwa mwiba, hutaga yai moja, huziba, kisha huongeza tope juu ya vyote mpaka vionekane donge moja. Tulisimama juani tukiangalia donge hilo. Stilbum alikuja akitembea ukutani, vipapasio vikigonga udongo, akazunguka, akarudi, akasimama sehemu moja. Aliweka mdomo kwenye udongo mkavu, na polepole doa likawa jeusi kwa unyevu. Akaanza kung'oa chembe. Kisha akageuka, akaleta ncha ya tumbo pale alipolainisha, ule mrija mwembamba ukatoka na kuingia kwenye ukuta wa donge, na akatulia hivyo kwa muda ambao kwa mdudu wa jua kali ni mrefu sana. Kijana alirekodi video nzima na mkono wake haukutikisika.

Hapo ndipo yale meno na gamba zito vinapopata maana yake. Nyigu huyu anafanya kazi kwenye tope lililokauka na kuwa gumu, na mwenye nyumba yupo karibu.

Yule wa Chrysis hatukumwona hata mara moja kwenye madonge. Maskani yake ni nguzo kuukuu ya mkoko inayoshika banda la kuku, ambayo wadudu watoboa-mbao waliitoboa zamani na kuiacha imejaa matundu. Matundu hayo sasa yana wapangaji: nyuki wakata-majani wa jenasi ya Megachile wanaozungushia vyumba vyao vipande vya majani, na nyigu wadogo wanaowinda viwavi na kuziba mlango kwa tope. Shangazi alikuwa amelalamika kwamba majani ya waridi wake yanakatwa vipande vya duara. Mkataji tulimwona akiingia tunduni na kipande chake. Nyigu kekeo wetu wa meno sita alikuwa akipita tundu kwa tundu, akiingiza kichwa, akitoka, akienda jingine. Ni yupi kati ya wapangaji hao anayemtagia hatukuweza kusema kwa kumtazama tu, maana aliingia matundu ya aina zote.

Ukiona nyigu wawili wanaofanana, mmoja hubaki kwenye udongo na mwingine hubaki kwenye mbao, siku baada ya siku, una sababu nzuri ya kuwatilia shaka hata kabla ya kuona meno.

Wa tatu, wa mchangani

Wa tatu nitamweleza kwa kifupi. Uani, chini ya mkungu, kuna kiwanja cha mchanga ulioshindiliwa ambako nyigu wachimbaji hutoboa vishimo vyao, na tulimwona mmoja wao akiingia na mbawakawa mdogo kifuani. Karibu na vishimo hivyo alikuwa akizunguka nyigu kekeo wa milimita 6, mfupi na mnene. Ukingo wa tumbo lake hauna meno hata moja, ni mviringo laini, na hakuna ule mstari wa mashimo. Picha iliyokuzwa ilionyesha kucha zake zina kijino cha ziada kwa ndani, wakati kucha za Chrysis na Stilbum ni za ncha moja. Hiyo inamweka kwenye kabila la Elampini, yaani tawi mojawapo ndani ya familia hii, jamaa ya jenasi ya Hedychrum, na hapo tukamwacha.

Jamaa hawa wana mbinu yao. Hedychrum rutilans wa Ulaya humwandama nyigu anayewinda nyuki wa asali, akafanikiwa kutaga juu ya nyuki aliyepoozwa wakati anabebwa au akishawekwa shimoni. Watafiti nchini Ujerumani walionyesha mwaka 2008 kwamba mafuta ya juu ya gamba lake yanafanana na ya mwenyeji wake, hivyo harufu haimsaliti. Kwa aliyeangalia mchanga wa shangazi kwa subira, jinsi yule mdogo alivyokuwa akikaa hatua chache kutoka mlangoni, kimya, akigeuka kila mchimbaji anapotua, inaeleweka.

Kwa nini sikuandika majina matatu kamili

Kijana alitaka majina matatu kamili. Nilimpa moja. Alinung'unika kidogo, na nadhani wengi wangenung'unika, kwa sababu picha ilikuwa safi na meno yanahesabika. Lakini Chrysis ni jenasi kubwa mno, na spishi nyingi za Afrika zina meno sita. Kuzitenganisha kunahitaji kuona uso kwa karibu, matuta yake na kijibonde ambamo vipapasio hulala, urefu wa pingili za mwanzo za vipapasio zikilinganishwa, mpangilio wa madoa meusi kwenye upande wa chini wa tumbo, na mara nyingi viungo vya uzazi vya dume, ambavyo mdudu hai wa kwenye chupa hatakuonyesha.

Wala si sisi wa Pwani tu tunaokwama. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, alieleza mwaka 1758 nyigu ambaye leo anaitwa Chrysis ignita, na kwa vizazi vingi huko Ulaya karibu kila nyigu kekeo wa kijani mwenye tumbo jekundu na meno manne aliandikiwa jina hilo. Baadaye wataalamu wakaanza kugundua kwamba ndani ya jina moja kuna spishi nyingi zinazofanana, na katika miaka hii watafiti wa Estonia wametumia vinasaba kusaidia kuzipambanua. Ulaya ina makumbusho yaliyojaa wadudu hao, ina watu waliojifunza kundi hili kwa zaidi ya miaka 200, na bado ilifika huko. Mtu anayeandika jina kamili kwa picha moja ya simu anawapa kazi wote watakaomfuata ya kufuta.

Daftarini tuliandika hivi: wa udongoni, Stilbum cyanurum. Wa nguzoni, Chrysis, spishi haijapambanuliwa, meno sita, picha ya nyuma ipo. Wa mchangani, Elampini, hana meno, kucha zenye kijino. Kila mmoja na tarehe, saa, hali ya jua, na mahali alipotua. Yule mkavu wa dirishani amewekwa kwenye kiberiti chenye pamba, na kikaratasi chenye maelezo yake kimefungwa pamoja naye, kwa sababu mdudu asiye na kikaratasi baada ya mwaka ni takataka tu inayong'aa.

Uamuzi kuhusu dawa

Nilishauri dawa isipulizwe, na shangazi alikubali bila ubishi baada ya kuona video. Sababu zangu zilikuwa wazi. Nyigu kekeo hawachomi. Wenyeji wao, yule mfinyanzi wa tope, nyuki wakata-majani na wachimbaji wa mchangani, wanaishi peke yao, hawana kundi la kulilinda, na hawamfuati mtu. Dawa ingewaua wote hao pamoja na wale wanaowinda viwavi wa mchicha wake. Nyigu wa kuogopwa na wenye watoto ni wale wa jamii, wenye viota vya karatasi vinavyoning'inia chini ya paa, ambao ukitikisa kiota wanakujia kwa pamoja. Tulizunguka nyumba nzima tukitafuta kiota cha namna hiyo. Hakikuwepo.

Kuhusu waridi, nilimwambia ukweli kwamba nyuki ataendelea kukata. Mmea unahimili vipande vile, na nyuki huyohuyo anachavusha mbaazi zake. Alifikiri kidogo, akasema basi wagawane.

Ombi langu pekee lilikuwa nguzo. Fundi alitakiwa kuibadilisha na kuichoma kuni, na pamoja nayo vingeungua viota vyote vilivyomo. Tulikubaliana nguzo mpya isimamishwe kando na ile ya zamani iegemezwe ukutani, juani, mpaka waliomo watoke. Kijana naye amekata vipande vya mwanzi vyembamba, upande mmoja umezibwa na pingili, akavifunga kitita na kukitundika kwenye ukuta uleule. Vikishazibwa na nyuki au nyigu, kila kimoja kitatiwa kwenye chupa yake na kufunikwa kitambaa cha chandarua. Atakayetoka kwenye chupa akiwa na meno sita atatuambia alilelewa kwa nani, kwa kuwa mabaki ya kiota yatakuwa hapohapo ndani ya mwanzi: majani yaliyokatwa au tope. Nikipata dume kati yao, hilo litapelekwa kwa mtaalamu wa kundi hili, na jina la Chrysis wa Raskazone litaandikwa na mwenye uwezo wa kuliandika.